Mguu Usiouma

Orazbek aliposhuka kwenye treni, akiinamisha kichwa mlangoni kama alivyokwisha kuinamisha kwenye milango ya nchi nne, mtu wa kwanza aliyemwona katika mji ule alikuwa anatembea kwa mwendo wake yeye.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, amebeba sanduku la maandazi ya kuwauzia abiria. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri. Wa kushoto ulichelewa kidogo, ukagusa chini kwa ubavu wa nje, kisha bega likapanda kama linalouvuta. Orazbek aliujua mwendo huo. Makocha walikuwa wamemwonyesha kwenye video mara mia, wakimcheka kwamba anakimbia kama ng'ombe aliyekanyaga msumari. Akasema moyoni, maskini, kila mtu na balaa lake. Halafu akamwona kijana anayefagia theluji, na mwingine ndani ya kibanda cha sigara. Umri ule ule, mguu ule ule. Alipopanda daraja la kuvukia reli, ngazi mbilimbili, alisikia sanduku la maandazi likianguka nyuma yake.

Hakuwa ameukanyaga mji huo kwa miaka kumi na minane, na asingekuja leo kama si mjukuu. Binti yake wa pekee, Zhanel, aliolewa huku, na mtoto wake Aizere alikuwa ameanza kusimama bila kushika ukuta. Leo mtoto angefungwa miguu kwa uzi wa sufu nyeusi na nyeupe, na wa kuukata ili aanze kutembea duniani alikuwa babu yake. Zhanel alimsihi kwa simu wiki nzima. Tangu mkewe Ulbosyn azikwe, baba na binti hawakuwa na la kusemezana. Jambo hili ndilo pekee lililobaki kati yao, na Orazbek alijua kwamba akiliharibu hili, basi tena.

Mkasi ule hauchezewi. Mtoto huchukua miguu ya aliyemkatia uzi, kwa hiyo hapewi mvivu, hapewi mtu wa kujikwaa, hapewi mwenye nuksi. Hupewa mtu mwepesi. Na enzi zile, nani alikuwa mwepesi kama Orazbek, mtu wa mita mbili na ushee, anayeruka kama paa?

Njiani akaukumbuka ule msimu wa baridi. Timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa ya kiwanda cha mji huo, kiwanda kilikuwa mikononi mwa mkurugenzi Ryspayev, na Ryspayev alikuwa wa tumbo lake. Tanuru limezimwa, watu wanalala na makoti, yeye anawaza namna ya kuwachangamsha bila kuwasha moto. Akatangaza kwamba siku ya fainali ya ligi, wakati wa mapumziko, nyota wa timu atawakatia uzi watoto wa wafanyakazi, katikati ya uwanja, mbele ya kamera. Watoto kumi na mmoja walipelekwa.

Wiki hiyo goti la kushoto la Orazbek lilikuwa limekwisha, gegedu limesagika kabisa. Daktari alisema huyu hachezi. Ryspayev akasema mchome. Zikapigwa sindano tatu za ganzi, na kuanzia gotini kwenda chini Orazbek akawa amebeba gogo. Wakubwa ndivyo walivyo. Mwili ni wako mpaka siku wanapouhitaji wao.

Ulbosyn alimfuata hadi kwenye korido ya vyumba vya kuvalia.

"Huo mguu leo si wako," alimwambia. "Utawapa nini watoto wa watu?"

Akamjibu kwamba yeye siye aliyepanga. Akaenda akakata, mmoja baada ya mwingine, watu wakirusha peremende. Robo ya nne alifunga pointi kumi na sita.

Na goti halikuuma tena. Ganzi iliisha, akangoja maumivu siku mbili, tatu, wapi. Akaenda ligi ya Urusi, huko Ural, misimu minne. Akaenda Uturuki, akaichukua timu ya daraja la pili na kuipandisha. Akaenda Irani, umri umemtupa mkono, bado anaruka na vijana. Kila klabu ilimpiga picha ya goti kabla ya kumsajili, na kila daktari aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. Mturuki mmoja alimwambia kwamba mfupa unasaga mfupa, na mwenye goti hili haendi hata chooni bila kulia. Orazbek aliruka palepale akagusa taa ya dari. Aliamini Mungu amemfidia kwa yale aliyofanyiwa na Ryspayev.

Kwa Zhanel, ghorofa ya nne, watu walikuwa wamejaa. Bi Kulyash, mamamkwe wa Zhanel, alimpokea akimwomba asiwabomolee mlango kwa kile kichwa, akamkalisha mahali pa heshima mbele ya sinia la nyama ya farasi. Na aliyemletea chai alikuwa yule msichana wa stesheni.

Bi Kulyash alisema huyo ni jirani yao, Marzhan, mmoja wa wale waliokatiwa uzi na Orazbek mwenyewe kwa mkono wake. Aliona fahari kulisema. Kisha akashusha sauti. Wote kumi na mmoja wana magoti mabovu, na wengi wanaishi humu humu, kwenye jengo hili la kiwanda. Madaktari wanasema ni moshi. Wazazi waliandika barua hadi wizarani, zikarudi na mihuri tu.

Orazbek aliweka kikombe chini. Akamfuata Marzhan jikoni na kumuuliza goti humuuma lini.

"Halina siku, aga," alisema kwa adabu, akimwita kama huko wanavyomwita kaka mkubwa, bila kugeuka. "Ila nilipokuwa darasa la kwanza ndipo lilinitesa. Kuanzia Machi hadi Mei sikwenda shule. Sote hatukwenda. Tulibebwa mgongoni."

Machi hadi Mei mwaka ule, Uturuki, alicheza mechi ishirini na nane.

"Na siku hizi?"

"Afadhali. Jumanne tu lilinibana, kama mtu anayepanda ngazi nyingi. Na mimi nilikuwa nimelala kitandani."

Jumanne lifti ya nyumbani kwake Orazbek ilikuwa mbovu. Alipanda hadi ghorofa ya tisa na gunia la viazi, akipiga mluzi.

Waliitwa sebuleni. Aizere alikuwa amesimamishwa katikati, miguu imefungwa, anacheka. Zhanel alimnyooshea baba yake mkasi kwa mikono miwili. Orazbek akaficha yake nyuma ya mgongo.

"Baba, shika. Watu wanangoja."

"Siwezi, mwanangu."

Shemeji mmoja alitania kwamba nyota hashiki kitu kabla ya kusaini mkataba, watu wakacheka. Orazbek hakucheka.

"Mtafute mwingine. Miguu hii si ya kumpa mtoto. Maumivu ya goti langu wanayabeba watoto wa watu."

Akawaeleza yote, sindano, ganzi, mechi za Uturuki. Alimtaja Ryspayev mara tatu. Mara ya tatu Bi Kulyash akamkatiza.

"Kwani Ryspayev ndiye aliyeshika mkasi?"

Orazbek akaitoa mikono nyuma ya mgongo, akaitazama.

"Nilikuomba kitu kimoja," Zhanel alisema. "Kimoja tu, maisha yangu yote."

Akamgeuzia mgongo, akampa mkasi mama mmoja tarishi wa posta, anayezunguka mji mzima kwa miguu. Uzi ukakatwa. Aizere akapiga hatua saba, mguu wa kulia na wa kushoto ikilingana, akaanguka kwenye magoti ya mama yake, peremende zikanyesha. Orazbek alihesabu kila hatua, kisha akavaa koti. Hakuna aliyeinuka kumsindikiza. Hakuna aliyemfungia nyama ya njiani, jambo ambalo huko hafanyiwi hata mgeni aliyelewa na kuvunja sahani.

Penye ngazi aliinua mguu wa kushoto, ateremke mbilimbili kama alivyozoea. Alipotupa jicho nyuma, Marzhan alikuwa amesimama mlangoni, amelikumbatia goti lake kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Usoni hakuwa na chuki. Alikuwa anahesabu ngazi.

Orazbek akaurudisha mguu. Akakaa kwenye saruji baridi, jitu zima, akaunyoosha mguu wa kushoto hewani, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja, halafu nyingine. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi, na kijana amesimama, goti mikononi. Ya pili walikuwa wawili. Walimtazama akipita.

"Polepole, aga," Marzhan alisema kutoka juu. "Hivyo haliumi."