Matairi ya Mzee Kondo

Agizo lilisema watoto wa chekechea watengeneze gari kwa vitu vya nyumbani ambavyo havitumiki, kisha gari hilo lipelekwe Mikumi kwenye maonyesho. Mwalimu Hildegarda alilipokea kwenye semina, akalileta Mabwerebwere kama lilivyo, na watoto wakaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu. Aliyelitunga, Mungu amsamehe, hajawahi kulala Kilosa hata usiku mmoja.

Huku kitu kisichotumika hakipo. Gunzi likishapukuchuliwa linawasha moto. Chupa ya maji inawekwa mafuta ya kula, ikivuja inakatwa inakuwa faneli, faneli ikipasuka inafunika mche wa nyanya. Ndoo iliyotoboka kuku anaatamia humo, na kuku mwenyewe ameshaahidiwa mtu. Lakini mtoto wa chekechea habishani na mwalimu wake. Jumatatu asubuhi walimiminika darasani, kila mmoja na mzigo wake, na nyuma yao mtaa mzima ukabaki unajipapasa.

Abubakari kinyozi alikosa kioo wakati mteja ameshanyolewa upande mmoja. Elizabeti muuza mchele alikosa nyungo zake mbili. Samweli alikosa mlango wa bafu, maana mlango wenyewe ulikuwa boksi la friji, na aliukosa akiwa ndani anaoga. Teresia, mke wa Mzee Kondo, alikosa mfuniko wa sufuria kubwa. Mzee Kondo mwenyewe alikosa makubazi.

Makubazi hayo yana habari yake. Yalikuwa ya ngozi, mapya, na yalitumwa na binti yake Naomi siku ya kuamkia Krismasi. Naomi alikuwa anafua mashuka kwenye gesti moja huko Mikumi. Alikuwa amezaa na dereva wa malori, mtu wa Tukuyu, bila posa wala barua, na Mzee Kondo alisimama mbele ya ukoo akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga Mikumi, na wa Naomi usikanyage kwake. Mtoto akabaki kwa bibi na jina lake la huko kwa kina baba, Tumwagile. Kila jioni mtoto aliuliza mama anakuja lini, na kila jioni babu alimjibu kwamba barabara ni mbovu, hata pale barabara ilipokuwa kavu kama kiganja.

Makubazi aliyapokea, kwa sababu kukataa ngozi nzuri ni dhambi, ila hakuyavaa. Aliyasukuma uvunguni akaendelea na kandambili zake zilizoshonwa kwa waya. Teresia akienda sokoni, aliyatoa, akayanusa, akayarudisha. Alimkumbuka binti yake mpaka kifua kinamuuma. Lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka mdomoni, na mzee yule alikuwa mkaidi kuliko punda wa maji.

Basi akafika shuleni na hasira zake, akakuta wenzake wamemtangulia. Mwalimu Hildegarda alikuwa amesimama na mkasi mkononi, amezungukwa. Wazazi walikuwa wanamweleza kwamba hawana ugomvi na elimu, mtoto acheze navyo tu, lakini asikatwe ungo, asitobolewe mfuniko, wala boksi lisipigwe kisu, kwa sababu watu wanahitaji kuoga. Mwalimu aliweka mkasi chini. Alikuwa amekusudia kigari cha kuvuta kwa kamba. Kwa kuwa hakuna kilichoruhusiwa kukatwa, gari lilibidi likue mpaka livienee vitu vikiwa vizima. Likawa basi. Boksi la friji likawa bodi, nyungo zikawa matairi ya nyuma, kioo kikawa kioo cha pembeni, na mfuniko ukawa usukani.

Mzee Kondo alidai makubazi yake. Mwalimu alimwamkia kwa adabu zote, akasema kwamba kwa maelezo ya mjukuu wake, vitu vile nyumbani havitumiki.

"Babu hayavai," Tumwagile alisema. "Yanakaa uvunguni."

Kumbe katika watoto wote wa darasa lile, yeye peke yake ndiye aliyetii agizo. Mzee Kondo aliona macho ya mtaa mzima yamemgeukia. Akasema kwa sauti kwamba yanatumika, anayavaa kila siku ya Mungu. Watu wakatazama miguu yake, wakaziona kandambili na waya wake.

"Basi yavae, mzee," alisema mwalimu.

Angeyavaa hapo hapo, lakini Tumwagile alikuwa ameshayafunga kwa kamba ya katani chini ya basi, upande wa mbele. Alipoulizwa kwa nini tairi halina mduara, alishangaa. Kinachokwenda barabarani, alisema, ni tairi.

"Ukifungua, babu, basi litaanguka."

Mzee Kondo aliinama, akaingia chini ya boksi, akachomeka miguu. Yalimbana kidogo. Basi, ambalo tangu asubuhi lilikuwa linalala upande, likasimama wima, na watoto wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo maisha ya Mabwerebwere yakahamia shuleni. Abubakari alinyolea wateja ubavuni mwa basi, kilipo kioo chake. Elizabeti alipepetea mchele kwenye tairi la nyuma, na kuku walifuata chenga chini ya injini. Watoto wakishaondoka, Samweli alikuja na ndoo yake akaoga ndani, mahali pa abiria. Na Mzee Kondo, kwa kuwa alikwishasema anayavaa kila siku, alilazimika kuja kila siku kuyavaa. Alisimama humo saa nzima akimsikiliza mjukuu wake mbele yake akinguruma na kuzungusha mfuniko. Akiulizwa basi linakwenda wapi, Tumwagile alijibu Mikumi, kwa mama. Mzee alijifanya anafunga kamba.

Siku ya maonyesho ilipofika, hakuna aliyekubali kitu chake kisafiri peke yake. Kitu kikishafika barabara kuu, walisema, hakirudi. Ikabidi kila kitu kiende na mwenyewe, na fuso lililokodishwa kubeba basi likabeba na mtaa. Mzee Kondo alitangaza kabla ya kupanda kwamba yeye haendi Mikumi, anafuatana na makubazi yake. Teresia hakubishana naye. Alipanda na kuku wa ile ndoo iliyotoboka, amemfunga miguu, maana kuku huyo alikuwa ameahidiwa mtu.

Njiani, pale Zombo, mwanamume mmoja mwenye baiskeli alilisimamisha fuso akauliza kama basi la juu lina nafasi. Walimwambia limejaa, naye akasema atangoja linalofuata.

Dereva wa fuso aliwashusha mwanzo wa mji wa Mikumi. Wakaingia ndani ya basi, kila mtu akashika kilicho chake, wakaliinua, likaanza kwenda kandokando ya barabara kuu. Tumwagile alikuwa mbele na usukani, nyuma yake babu kwenye matairi, kisha Teresia na kuku, kisha Samweli ameshikilia mlango wake wa bafu, na Elizabeti mwishoni na nyungo. Abubakari alitembea nje na kioo, akitangaza kinachokuja nyuma. Malori yakaanza kuwashiana taa, kama yanavyofanya kukiwa na trafiki mbele, na kweli trafiki alikuwepo. Alinyoosha mkono. Basi likasimama.

Alilizunguka. Alipiga teke dogo tairi la nyuma, Elizabeti akamwomba asirudie. Kisha akachungulia dirishani, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema amefanya kazi barabara hii miaka mingi na hajawahi kuona basi ambalo abiria wote wamesimama. Aliwataka wakae. Wakachuchumaa, na basi lote likakaa nao. Trafiki akaridhika, akamgeukia dereva kumuuliza anakwenda wapi.

"Kwa mama," alisema Tumwagile. "Gesti. Anafua mashuka."

Mwalimu Hildegarda, aliyekuwa anakimbia nyuma na bango la shule, alieleza kwamba maonyesho yako mbele, upande wa kushoto. Lakini trafiki alikuwa ameshaangalia kulia, ng'ambo ya barabara, ambako mashuka meupe yalikuwa yameanikwa mstari mzima nyuma ya gesti moja. Tumwagile naye aliyaona. Akazungusha mfuniko.

Basi halikwenda. Mzee Kondo alikuwa ameganda. Alisema kwa sauti ya chini kwamba huko siko, na kwamba yeye ana kiapo.

"Mzee," alisema trafiki, "tairi la mbele linafuata usukani. Hiyo ndiyo sheria."

Akasimamisha malori pande zote mbili. Basi la Mabwerebwere likavuka barabara ya Iringa polepole, mbele ya foleni ya semitrela, na hakuna aliyepiga honi.

Watu walitoka kwenye vibanda vya chipsi kutazama, na Naomi naye akatoka, mikono ina povu. Aliona boksi la friji linamjia. Aliona mwanawe kichwa nje ya dirisha, akaweka mkono mdomoni. Halafu macho yakashuka chini, akayaona makubazi. Alikuwa ameyachagua mwenyewe, kwa kukisia, kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza namba ya mguu.

Alipiga magoti kwenye kokoto.

"Shikamoo, baba."

Shikamoo huwezi kuiacha hewani, hata kwa adui yako, na kila aliyekuwa ndani ya lile basi alilijua hilo, na Mzee Kondo kuliko wote.

"Sijakanyaga Mikumi," alisema hatimaye. "Hayo ni matairi."

"Nimeyaona," alisema Naomi. "Shikamoo, matairi."

"Marahaba," yakajibu matairi.

Naomi alicheka huku machozi yanamtoka. Alisogea kwa magoti, akaigusa ngozi pale ilipokunjika juu ya kidole.

"Yanakubana?"

Tumwagile alikuwa ameshautupa usukani na kumrukia mama yake shingoni, na basi halikuwa na dereva tena.

"Kidogo," alisema Mzee Kondo. "Bado mapya. Yatalainika nikiyavaa."

Akainama, akafungua kamba. Basi likaanguka, kama Tumwagile alivyosema, Samweli akaudaka mlango wake, na Mzee Kondo akatoka chini ya boksi akasimama kwenye kokoto za Mikumi kwa miguu yake yote miwili. Akauliza mashuka yaliyobaki yako wapi, na ndoo ni ipi, aibebe.