Salamu ya Kushoto

Usiku wa manane mwenye bucha alikuwa akiamka, anajipaka manukato, anatoka kwa kunyata kwenda buchani. Alirudi kabla ya adhana, ndevu zimelowa. Mkewe alijifanya amelala, roho ikimchoma. Mwanamume gani anajitia manukato kwenda kuangalia nyama?

Lisemwalo lipo, walisema majirani, ambao hata ya nyumbani kwao hawayajui. Mke akamwendea kaka yake, fundi wa mageti, mtu wa hasira za karibu.

"Mtishe tu, kaka. Usimguse."

"Mimi na shemeji tutaongea vizuri tu, dada," alisema, akachukua nondo.

Mtu na nondo anaongea nini? Lakini wivu hauna macho. Mke akatangulia kumwonyesha njia.

Mlango wa nyuma wa bucha ulikuwa umerudishwa tu. Ndani giza, na sauti ya mume ikinong'ona kwa upole ambao mkewe alikuwa hajausikia tangu fungate. "Usiniache. Sina mwingine ila wewe."

Fundi hakungoja la pili. Aliupiga mlango teke, akaona kivuli cha mgongo ulioinama, akaushukia. Mbavu zikalia kama kuni kavu. Akapiga bega, akapiga kisogo, huku akitukana na kumtafuta mwanamke gizani kwa mateke.

"Yuko wapi? Mtoe!"

Visu vyote vilining'inia ukutani, karibu na mume. Hakunyoosha mkono.

Mke akapapasa swichi. Taa ikawaka juu ya mswala, birika la kutawadhia na mumewe aliyesujudu, paji la uso ndani ya damu. Hakukuwa na mtu mwingine. Sala zake za usiku alizificha hata kwa mkewe, asije akasifiwa. Aliogopa riya, ibada ya kujionyesha, kuliko umbeya, na mimi nasema huo nao ni ujinga, mke ana haki ya kujua.

Nondo ikaanguka. Mume akajiinua, akaketi kwenye tahiyatu, kikao cha mwisho cha sala, kidole cha shahada kimenyooka.

"Katisha, mume wangu! Ni sunna tu, Mungu atakusamehe!"

Hakukatisha. Akageuza uso kulia, akatoa salamu ya kwanza ya kufunga sala. Damu ikamchuruzika sikioni.

Mkewe alikuwa amepiga magoti kushoto kwake. Uso ukaanza kumgeukia, kisha kichwa kikaanguka kifuani. Majirani walipofika walimkuta mke hapo hapo, bado anaingoja salamu ya pili.