Zizi la Vitunguu

Amri ya kulima ilifika kambini, nje kidogo ya mji wa Isiolo, baada ya mvua ndefu kwisha. Afisa aliisoma akiwa amesimama juu ya gari: Waborana waliokusanywa hapo kwa sababu ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, wasahau mifugo, na kila mama apande kitu mbele ya nyumba yake. Maji yatatoka wapi, hakusema.

Kathambi, Mmeru wa mtaa wa Chechelesi aliyeuza vitunguu na aliyekuwa na kibali cha kuingia kambini, alimletea rafiki yake Tache vitunguu vilivyochipuka kabla ya kupata mnunuzi.

"Umechelewa sana, lakini panda tu," alisema. "Weka kwa laini, kichwa juu."

"Laini ni ya askari," Tache alijibu.

Tache hakuwahi kulima na hakuona haya kusema hivyo. Alichojua ni zizi. Basi alivipanda kwa duara, vikubwa pembeni, vidogo katikati wanakolala ndama, akazungusha miiba na kuacha mlango. Kila kitunguu alikipa jina la ng'ombe wake mmoja, wale walioswagwa na askari wasirudi tena. Kathambi alicheka hadi akashika mbavu. Hata hivyo aliondoka na chai ya rangi tumboni, na kumuaga mgeni bila maziwa kulimuuma Tache kuliko njaa.

Vitunguu viliota. Majani yalipofika usawa wa kifundo cha mguu, vilijing'oa asubuhi moja, vikatoka mlangoni mwa zizi na kuelekea malishoni, upande wa mto Ewaso Nyiro. Askari wa geti alijua kwamba watu, ng'ombe na ngamia hawaruhusiwi kutoka. Vitunguu havikutajwa, akavifungulia. Jioni vilirudi na vumbi, kila kimoja kikaingia kwenye shimo lake.

Dima, mume wa Tache, alikuwa ameketi akitazama ukuta tangu ng'ombe wachukuliwe. Siku hiyo aliinuka.

"Ile nyekundu inachechemea," alisema, akaenda kuitoa mwiba kwenye mzizi.

Tache alifukiza chombo chake cha maziwa kwa moshi, akachuchumaa, akavikama. Maziwa yalikuwa mazito, yakinukia kitunguu kwa mbali. Kathambi alipokuja tena alipewa kikombe kilichojaa hadi kinamwagika.

"Sasa hii ni nyumba ya watu," alisema, akijipangusa mdomo. Tache alijivuna, na ilikuwa haki yake. Alipita katikati ya kambi kichwa juu, na wanawake wakampisha njia wakicheka kwa furaha.

Afisa alipokuja kukagua mashamba alikuta miiba na mashimo matupu, maana shamba lilikuwa malishoni. Tache alimsogezea kigoda. Hakumpenda hata kidogo, lakini alikuwa mgeni, akamjazia kikombe.

"Maziwa tamu, mama," afisa alisema. "Ng'ombe wako wako wapi?"

"Si mlichukua nyinyi? Kunywa tu, bwana. Hapa kwangu maziwa haikosi."

Afisa aliomba kikombe cha pili, akapewa. Alikimaliza, akashukuru kwa adabu zote, akapanda gari lake, na askari wakafunga geti kwa kufuli nyuma yake.