Vilimi Vilivyolegea

Vilimi vilipolegea mara ya kwanza nililaumu plastiki. Vilipolegea tena nikalaumu mashine. Baada ya hapo nikamgeukia mama yangu mzazi, na hapo nikajua kazi hii imeanza kunitoa akilini.

Kazi yenyewe ukiisikia utaiona ya kitoto. Seli za betri ni vitu vya mviringo, vinene kidogo kuliko kidole gumba. Ukizipanga ovyo zinagusana, zinachemka, na siku moja zinakuunguzia nyumba. Kwa hiyo unazitengenezea fremu: kipande cha plastiki chenye matundu, kila seli na tundu lake, kama mayai kwenye trei. Fremu zangu ni ndogo ndogo, na ubavuni zina vilimi vinavyoingia kwenye mapengo ya fremu ya pili. Unabana, unasikia tak, basi. Hakuna skrubu wala gundi. Nilizichora mwenyewe kwenye kompyuta ya karakana ninakofanya kazi, mashine ya kuchapa plastiki ikazitoa, na sijawahi kuona mteja akinirudishia hata moja.

Hizi zilizokuwa zinalegea hazikuwa za mteja. Zilikuwa za kiti cha Baba.

Baba ameendesha malori maisha yake yote. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia: mguu ukakataa kabisa, na mkono ukabaki unaning'inia kama wa kuazima. Tulimpatia kiti cha magurudumu cha umeme kilichokuwa kimetelekezwa kwenye stoo ya hospitali. Betri zake zilikuwa zimekufa, na za aina ile hazitengenezwi tena. Sanduku lake chini ya kiti lina kona za ajabu, halikubali betri nyingine yoyote ila uipange mwenyewe, seli kwa seli.

Kukisukuma kinasukumika vizuri tu. Tatizo ni anayekikalia. "Mimi sisukumwi kama gari bovu," alisema, na tangu atoke hospitali hakuvuka mlango. Alikaa chumba cha nyuma akitazama ukuta wa jirani. Nilitaka atoke mwenyewe, aende anakotaka, agombane na watu njiani kama zamani.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa kuchomelea. Yeye ndiye aliyetengeneza geti letu, na ndiye aliyejenga mteremko mlangoni ili kiti kipite, ingawa aliujenga huku akinung'unika.

"Na hiyo betri ukiimaliza," aliniuliza, "ataendesha kwa nini? Kwa pua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiti kile kinaongozwa kwa kijiti kidogo, na kijiti kiko mkono wa kulia. Nilitaka kukihamishia kushoto, Baba akanikata kauli. "Hakuna kuhamisha kitu. Mkono ninao." Mkono alionao ulikuwa haushiki hata kikombe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemletea mpira laini wa kuminya kila siku. Baba aliutazama, akamtazama yule bwana, akasema yeye si mtoto mchanga. Mpira ukaishia uvunguni na paka.

Basi, ndiyo hali niliyokuwa nayo: mgonjwa mkaidi, kaka mwenye maneno, na fremu zisizoshika.

Jinsi zilivyokuwa zikinichezea ni hivi. Kule karakana nazibana, zinalia tak, nazitikisa, nazivuta, hazitoki. Nazipeleka nyumbani kwa wazazi kuzijaribisha kwenye sanduku la kiti, zinakaa sawasawa. Naziacha pale ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la Mama, kwa sababu seli zenyewe bado ziko karakana zinachajiwa na kupimwa. Jumamosi nakuja na seli, nafungua kopo, nabana. Kimya. Naikunja fremu kidogo, inaachia. Vilimi vimelegea kama vya mlevi.

Plastiki huchoka. Ukiibana na kuibandua mara nyingi inapoteza nguvu, kila fundi anajua. Lakini hizi nani kazibana? Nikasema ni joto la bati. Nikavinenepesha vilimi, nikachapa seti nyingine, nikalihamisha kopo chini ya meza penye ubaridi. Jumamosi, yale yale.

Baba alikuwa ananitazama nikihangaika sakafuni. "Zile za kwanza zilikuwa laini mno," akasema. "Hizi afadhali. Lakini bado. Ongeza ugumu."

"Baba, umejuaje?"

"Nina macho."

Nilimeza jibu nililokuwa nalo. Nimesomea kazi hii, nimekesha na michoro, sasa nafundishwa na mtu aliyeitazama fremu kutoka upande wa pili wa chumba. Tena kibaya zaidi, alikuwa sahihi, kwa hiyo sikuweza hata kununa vizuri.

Niliporudi karakana niliweka fremu kadhaa juu ya paa, juani, wiki nzima. Zikabaki ngumu kama siku ya kwanza. Bosi wangu akaniambia labda kwetu kuna panya mafundi. Aliona amesema jambo la kuchekesha sana, akalirudia kwa kila aliyeingia.

Seti iliyofuata nayo ilipolegea nilimfuata Mama jikoni.

"Mama, hili kopo unaliosha kwa maji ya moto?"

"Mimi?"

"Sasa nani? Baba hawezi kuinuka. Paka hafungui kopo."

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekuuliza kuhusu kopo."

"Mtu hajala anauliza makopo," Mama akaliambia sufuria, akaendelea kulisugua. Hakuna kinachonipandisha damu kama kuulizwa habari za chakula ninapodai jibu. Nikasema kwamba mimi ndiye pekee kwenye nyumba hii anayetaka Baba atoke, wengine wote wameshamzika huko nyuma. Mama aliacha kusugua. Mimi nikaondoka nimevimba.

Siku chache baadaye nilipeleka seti nyingine. Hiyo nilikuwa nimeifanya ngumu kiasi kwamba kuibana kuliniachia alama kwenye kidole. Nikaiacha kwenye kopo, nikaaga kwa ufupi, maana kinyongo kilikuwa bado kipo. Sikufika mbali nikakumbuka nimesahau kipimo changu mezani. Nikarudi huku nikijilaani mwenyewe.

Nilikuwa ukumbini niliposikia: tak.

Nikasimama. Kukawa kimya. Kisha kitu kikaanguka sakafuni, sauti ya Baba ikatoa tusi la madereva, na baada ya muda: tak.

Mlango wa chumba cha nyuma haukuwa umefungwa vizuri. Baba alikuwa ameketi na kopo mapajani. Fremu moja ameiegemeza tumboni, ameishikilia kwa mkono wa kushoto. Ya pili ilikuwa katika mkono wa kulia, ule wa kuazima. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Alikiweka kilimi kwenye pengo, akasukuma, kikateleza. Akasukuma tena, jasho limemjaa kwenye paji la uso, ametoa na ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akifanya akirudisha lori kinyumenyume mahali pembamba. Kidole gumba kikajikunja. Tak. Akaibandua, akaanza upya.

Mama alinishika mkono kwa nyuma, akanivuta hadi jikoni.

"Alinikataza nisikwambie," akanong'ona. "Ukiondoka tu ananiagiza kopo. Mwanzo zilikuwa zinamponyoka zote. Nilikuwa nakaa chini naziokota. Hata mimi alikuwa hataki nimtazame."

"Mama, zimeharibika zote. Kila wiki nachapa upya. Nimepanda hadi juu ya paa."

"Najua."

"Kwa nini asichukue ule mpira?"

"Mpira ni wa wagonjwa," Mama akasema. "Hii ni kazi."

Nilitaka kuingia nimkumbatie, na nilitaka kuingia nimpige kwa kopo lile lile. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama nikalia, na sioni haya kusema. Mwezi mzima nilikuwa nalaani joto, mashine na mikono ya mama yangu. Kila nilipovinenepesha vilimi kwa hasira, nilikuwa namwongezea mzee uzito wa mazoezi, na yeye akaukubali na kudai zaidi. Nikamwomba Mama msamaha kwa yale maneno ya kuzika. Akaniuliza kama nimekula. Safari hii nikala.

Niliondoka bila kipimo, ili Baba asijue nilirudi.

Jumamosi nilikuja na seli, na seti mpya kabisa ndani ya mfuko wangu. Kopo sikuligusa. Kaka alikuwepo, ameegemea mlango, amekunja mikono. Nilipanga seli, nikazibana fremu moja baada ya nyingine, zikalia vizuri.

Baba akanitazama kwa jicho la pembeni. "Na zile za kwenye kopo?"

"Zimelegea."

"Zimelegea zenyewe tu?"

"Plastiki mbovu, Baba."

Akaguna. Tukaachia hapo.

Nilipomaliza kuunga waya tulimhamishia kwenye kiti. Taa ndogo ikawaka kijani. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Aliuinua mkono wa kulia, akauweka juu ya kijiti, vidole vikakizunguka kimoja kimoja. Kiti kikaruka mbele kikagonga kabati. Akasema kabati limekaa vibaya. Akarudi nyuma, akanyoosha, akapita mlangoni, akashuka mteremko wa Kaka taratibu hadi uani, akaenda moja kwa moja getini.

Geti lilikuwa limefungwa. Komeo lake ni gumu, kazi ya Kaka, hata mimi hulivuta kwa mikono miwili. Baba alijisogeza ubavuni. Mkono wa kushoto haukufika. Kaka akapiga hatua, Mama akamshika shati.

Mkono wa kulia ukainuka. Ukateleza kwenye chuma, ukaanguka pajani. Ukainuka tena. Niliona kidole gumba kikijikunja, kile kile, na nikajikuta nami nimekunja changu. Komeo likasogea kidogo, likakwama, kisha likalia tak.

Kaka aligeuza uso akajifanya anakagua mteremko wake.

Baba alisukuma geti kwa ncha ya kiti, akatoka, akakata kona. Hakuangalia nyuma.

"Amesahau kofia," Mama akasema. Alikuwa ameishika mkononi.

"Mwache, Mama."

Tulisimama pale uani tukisikiliza mlio wa mota ukififia. Kisha tukasikia sauti ya Baba huko barabarani, kali kama zamani, akimkaripia mtu wa baiskeli kwamba hajui upande wake. Mama akaketi kwenye kizingiti, kofia mapajani, akawa anamsikiliza anavyogomba.