Sahani ya Mama Masika

Ukitaka kula peke yako maisha yako yote, kuwa mganga wa mifugo machinjioni. Ndagijimana alikuwa ameifanya kazi hiyo Goma miaka ishirini na miwili, na kila aliyemkaribisha nyama alitupiwa swali lilelile: "Hii ilichinjwa ao ilikufa?" Watu wa mtaa wake wa Mabanga wakamchoka. Kadi za arusi zilipita mlangoni kwake kama hakuna anayeishi humo. Mkewe alikuwa ameshafariki, na upweke, tusidanganyane, ulimuuma kuliko njaa.

Aliyembakia ni jirani yake Mama Masika, mjane wa Butembo, muuza maharagwe. Kila Jumapili baada ya misa alimletea sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hata mtoto analijua. Lakini mwanamume asiyejua kupika atairudisha na nini? Mwaka mzima Ndagijimana aliirudisha imeoshwa tu, na kila mara aliona haya.

Siku moja Habumugisha, rafiki yake wa utotoni anayefuga ng'ombe kijijini Kalengera, akamtumia kipande cha paja la ng'ombe kwa lori la mboga, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Ndagijimana alikitazama, swali likiwa mdomoni. Lakini unamuulizaje hivyo mtu aliyekukumbuka, wakati hakuna mwingine anayekukumbuka? Akalimeza swali. Akakiweka kifurushi juu ya sahani ya Mama Masika bila hata kukifungua, akavuka ua akijisikia mtu miongoni mwa watu.

"Leo Papa Ndagijimana ametuletea nyama!" Mama Masika alipiga vigelegele, akashika kisu.

Jioni ileile sahani ilirudi kwa Ndagijimana imejaa sombe. Siku ya nne alimkuta Mama Masika na kidonda kwenye kidole gumba. Katikati kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimika, na mkono wote umevimba.

"Iko jipu tu," alisema Mama Masika. "Haiumi hata. Munganga amenipatia pomadi."

Haiumi. Hapo Ndagijimana aliusogeza mkono ule kwenye mwanga. Alikuwa amekiona kidonda hicho kisichouma kwenye mikono ya wachinjaji. Kilikuwa kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaomwingia mtu, na ukitibiwa kwa pomadi ya kupaka tu huua. Akatoka uani akampigia Habumugisha simu.

"Ile ngombe ilichinjwa ao ilikufa?"

Habumugisha hakuficha: "Ilikufa, ndugu. Ilianguka asubuyi, damu ikatoka ku pua. Tulikuwa tunaichunga ku mupaka ya parke, kule viboko vilikufa. Tukaigawanya batu bote, vile tunafanyaka. Na weye ndiye tulikumbuka wa kwanza."

Angeweza kumshika Mama Masika mkono, ampeleke kituo cha afya, aseme ni kimeta, anyamaze kuhusu nyama. Njia nzima ya kwenda huko na Mama Masika aliwaza hivyo. Lakini Dokta Nshobole, binti aliyemaliza masomo juzijuzi, aliuliza mbele ya mgonjwa: "Nyama ilitoka wapi?" Na kule Kalengera kulikuwa na mikono mingine iliyoshika kisu.

"Ilitoka kwangu, na sikuuliza kama ilichinjwa," alisema Ndagijimana. Mama Masika aligeuka akamtazama.

Ndagijimana akasimulia alichoambiwa kwa simu, na Dokta akaandika njia ya ugonjwa: viboko, majani ya pale walipofia, ng'ombe aliyeyala, kisu, kidole. Akawapigia simu walinzi wa parke ile, mbuga ya wanyama. Kumbe viboko wale waliokufa walinzi walikuwa wamewaona majuma mawili nyuma, wakaandika kwenye daftari lao, wakalifunga.

"Miye nilisomea batu, weye banyama, nao wanachunga pori," alisema Dokta. "Na hatuongeaka."

Kesho yake wauguzi walifika Kalengera, wakakuta wanne wenye vidonda. Sindano ziliwahi. Wote walipona, na Mama Masika naye.

Jumapili ya tatu alibisha hodi. Ndagijimana karibu aangushe kiti kwa haraka ya kufungua. Mama Masika alikuwa amesimama na kidole kilichofungwa bendeji, mikononi hana kitu.

"Nimekuya kuchukua sahani yangu."

Akamletea. Alikuwa ameisugua mpaka inang'aa.

"Batu bote unawaulizaka kama nyama ilichinjwa," alisema Mama Masika. "Nyama ya siye tu ndiyo haukuulizia."

"Niliogopa kubakia peke yangu, mama."

Mama Masika aliigeuza sahani, akaitazama chini na juu.

"Ingerudi tu tupu, Papa. Miye sikukuomba kitu."

Akavuka ua. Ndagijimana alisimama mlangoni mpaka aliposikia komeo la mlango wa upande wa pili likifungwa.