Bando la Saa Moja

Watu wa Mwamkulu wananijua kwa mambo mawili: ufundi wa kamera na hasira za karibu. Ukiniuliza swali la kijinga nakujibu kabla hujalimaliza. Mke wangu Agatha husema mdomo wangu huondoka nyumbani mapema, akili inaufuata kwa baiskeli. Huwa nacheka akisema hivyo. Lakini kwa hili ninalolisimulia sikucheka, na mpaka leo nikipita Makanyagio nikaliona lile geti la bluu natazama upande wa pili.

Geti hilo ni la Mwanaiddi, tunayemwita Mama Naseeb, mwenye duka la vitenge hapo Mpanda mjini. Nilimfungia kamera moja ukumbini, inayotazama mlango wa chumba chake. Na dada yake wa kazi, Odeta, mimi ndiye niliyempeleka. Mama yake Odeta, Rozalia, ni jirani yangu na tunasali jumuiya moja. Alikuja kwangu akasema, "Baba Denis, wewe unaingia kwenye nyumba za watu, mtafutie mwanangu mahali pa heshima." Nikamtafutia. Binti wa miaka kumi na tisa, mpole, anafagia mpaka chini ya friji.

Sasa Jumatano moja Mama Naseeb akanipigia, kwenye simu yake kamera inaonyesha kidoti chekundu. Kidoti kile maana yake imetoka programu mpya ya kuiendesha kamera, inabidi uiapdeti. Wenye Kiswahili chao wanasema kusasisha. Nikamwambia, "Mama, hilo dogo, nalimaliza nikiwa huku huku." Siku hizi fundi unaingia kwenye kamera ya mtu kwa simu yako, huna haja hata ya kuvua viatu mlangoni kwake.

Kazi hii ina kanuni moja, na mimi ndiye ninayewafokea mafundi wenzangu kila siku wakiivunja: usianze kuapdeti kama huna uhakika wa intaneti mpaka mwisho. Kamera hizi zinaandika programu mpya juu ya ile ya zamani kadiri inavyoingia. Ikikatika katikati, ya zamani imeshafutika na mpya haijakamilika, kamera inakufa. Nyumba ile intaneti yake ilikuwa ya laini ya simu. Nikairushia bando la saa moja, saa tatu kamili asubuhi, kwa kuwa nilijua kazi yenyewe ni dakika ishirini na tano.

Nilikuwa mgahawani kwa Zubery nakunywa chai. Bando limeshaanza kuhesabu, mimi nikaingia kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Jamani, nilibisha mpaka chai ikapoa. Ninakuja kuikumbuka kamera, ni saa tatu na dakika arobaini na tatu. Mwenye akili zake angesubiri bando liishe, aweke jingine, aanze kwa utulivu. Mimi nikasema itawahi tu, nikabonyeza.

Ikafika asilimia sitini na nane, ikasimama. Saa nne kamili. Bando kwisha. Nikarusha jingine mbio mbio, wapi! Kamera haikuonekana tena kwenye simu. Nikajiambia nitapita kesho niirekebishe, hakuna atakayejua.

Jioni Mama Naseeb akanipigia analia. Mkufu wake wa dhahabu, alioachiwa na marehemu mama yake, hauonekani. Kafungua simu aangalie nani kaingia chumbani, anakuta kamera haijarekodi chochote tangu asubuhi.

Kesho yake nikafika. Alikuwepo Mama Naseeb, wifi yake Zuhra, majirani wawili wanawake, na Odeta kasimama kwenye mlango wa jiko na ufagio mkononi. Nikapanda kiti, nikaishusha kamera, nikaigeuzageuza mikononi huku jasho linanitoka. Mama Naseeb akaniuliza, "Fundi, niambie ukweli. Hiki kitu kinaweza kuzimika chenyewe?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Ningesema, "Mama, nimeiua mimi," ningeaibika dakika tano, nikanywa maji, nikaenda zangu. Lakini wale majirani walikuwa wananitazama, na mmoja alishaniambia anataka afungiwe kamera nne. Nikasema, "Kamera haizimiki yenyewe, mama. Mtu kaichezea."

Sikutaja jina. Nilijitetea kwa hilo siku hizo zote: sikutaja jina. Ila Mama Naseeb alikuwa dukani kutwa nzima, na aliyebaki nyumbani alikuwa mtu mmoja tu. Wote wakageuka kumtazama Odeta. Odeta akanitazama mimi. Akasema, "Baba Denis, mimi sijaigusa." Nami, mwanaume mzima, baba wa watoto wanne, nikainama kukusanya bisibisi zangu.

Alifukuzwa saa ile ile. Mfuko wake ulipekuliwa nje ya geti, nguo moja moja, hadi za ndani, watu wanapita. Hawakukuta kitu. Zuhra akasema atakuwa ameshampa mwenzake. Mimi nikaondoka na kamera kwa kisingizio cha kwenda kuichunguza, nikaitupa kwenye droo, nikaifunga droo.

Jumamosi jumuiya iliangukia nyumbani kwa Rozalia. Sisi tunasali kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mimi ndiye mwenyekiti, kwa hiyo hata kujifanya naumwa sikuweza. Kwa kawaida tunafika ishirini na kitu. Siku hiyo tulikuwa saba. Rozalia alikuwa ameazima mikeka, kaitandika mpaka mlangoni, na mingi haikukaliwa na mtu. Odeta alikaa pembeni kajifunika khanga mpaka puani.

Baada ya Injili kila mwenye nia huomba kwa sauti. Mmoja akaombea mvua, mwingine mgonjwa wake. Kisha Rozalia akapiga magoti, akasema, "Mjalie Baba Denis akili na macho aitengeneze ile kamera, watu waone kwamba mwanangu hana hatia. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia. Mwenyekiti naye lazima aitikie. Nikaitikia, sauti ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa na ugali. Loh! Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka na pikipiki mbele ya wakwe. Lakini kuombewa na mtu uliyemchoma kisu, naye anakuombea kwa moyo wote, hiyo ni aibu nyingine. Nilitamani mkeka ule unimeze.

Kufika nyumbani nikamweleza Agatha yote. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akasema taratibu, "Mimi siku mbili hizi nimewaambia wanawake bombani kwamba yule mtoto ni mwizi. Nimewaambia kwa kuwa wewe ulisema kamera imechezewa." Akachukua ndoo, akatoka.

Nikaifungua droo. Nikaweka programu nzima kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nikaichomeka kwenye kamera, nikabonyeza kitufe cha ndani kwa sindano, nikahesabu mpaka kumi. Kimya. Nikarudia, kimya. Kumbe kadi nilikuwa sijaisafisha, ina picha za ubatizo wa mtoto. Nikaisafisha, nikarudia mara ya tatu. Taa ikawaka nyekundu, ikapepesa, ikageuka bluu. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Mtoto wa watu kavuliwa heshima yake barabarani kwa kitu cha nusu saa.

Kamera ilipoamka nikaingia kwenye kumbukumbu zake. Ilikuwa imeandika kila kitu: kuapdeti kumeanzishwa saa tatu na dakika arobaini na tatu na mtumiaji Fundi Melki, mtandao umekatika saa nne kamili. Fundi Melki ndiye mimi, Melkiadi. Chini yake palikuwa na neno moja: Futa. Sitawadanganya. Kidole changu kilikaa juu ya neno lile. Hata baada ya yale magoti ya Rozalia, kilikaa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

Sikufuta. Jumapili baada ya misa nikaenda dukani kwa Mama Naseeb, nikasimama katikati ya vitenge vyake, nikamwonyesha yale maandishi. "Mama, kamera niliiua mimi. Bando liliisha katikati. Odeta hakugusa kitu. Nilidanganya kwa kuogopa kuonekana fundi mbovu."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Badala yake akakaa kwenye stuli yake, akasema polepole, "Mkufu niliupata Ijumaa."

"Nini?"

"Ulikuwa kwenye mfuko wa baibui nililovaa harusini. Niliuweka mwenyewe, nikasahau."

Zikanipanda, zile hasira zangu za karibu. "Ijumaa! Leo Jumapili! Mtoto wa watu anaitwa mwizi mji mzima, na wewe mkufu unao? Kwa nini hukumrudisha?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wallahi, fundi, ningemrudishaje? Wewe uliniambia kamera imechezewa. Mtu anazima kamera ya nini kama hana nia mbaya? Nikasema, haya, hajaiba Jumatano, lakini alikuwa anajiandaa. Mimi ya mkufu nilishayamaliza moyoni. Ya kamera ndiyo yaliyonitisha."

Tangu Ijumaa hapakuwa na wizi wala kilichopotea. Kilichomfungia Odeta nje ya lile geti kilikuwa kauli yangu peke yake, na mimi nimesimama namfokea mwenye duka. Mama Naseeb akainuka, akasema, "Mwambie arudi. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Nikapanda pikipiki mpaka Mwamkulu. Odeta alikuwa uani, anafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti. Rozalia alikuwa anampimia mchele wa safari. Walikuwa wamekata shauri aende Ikola kwa shangazi yake, akaanike dagaa, maana huku mjini nyumba mbili zilizotaka kumpa kazi zilishaghairi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama pale uani kweli kweli, nikawaeleza yote, na Simba na Yanga, na majirani wawili, na neno Futa.

Rozalia aliweka kibaba chini. Aliingia ndani, na nikamsikia akilia kule, kilio cha mtu aliyeziba mdomo kwa khanga. Odeta alimaliza kwanza kufunga fundo lake.

"Mama Naseeb anasema urudi," nikamwambia. "Atakuomba radhi."

"Sirudi."

"Basi nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Baba Denis." Alisema bila hasira, na ningependelea angekasirika. "Mimi kesho naondoka. Mama ndiye anayebaki. Akifika bombani wanawake wananyamaza. Wao nani atawaambia?"

"Nitatangaza Jumamosi kwenye jumuiya. Mbele ya wote."

Akatikisa kichwa. "Waliotususa hawatakuja Jumamosi."

Nikainuka. Nyumba za jumuiya yetu ni thelathini na moja, na Jumapili mchana watu wengi wako majumbani. Nikaiacha pikipiki pale pale, nikaanza na nyumba inayofuata, kwa mzee Pontien. Nikapiga hodi, wakanikaribisha mwenyekiti wao kwa furaha, wakaniletea kiti kizuri. Nikakataa kukaa. Nikasema nilichofanya nikiwa nimesimama. Pontien akacheka, akanipiga bega, akasema, "Baba Denis nawe kwa utani!" Ikabidi nirudie tangu mwanzo, na safari hii mkewe alitoka jikoni, akasimama mlangoni kunisikiliza.