Kofia Kumi na Moja za Butembo

Barua ilifika Jumatatu kutoka makao makuu huko Ulaya: kila ofisi ya shirika hilo la misaada isherehekee urithi wa watu wa lugha ya Kihispania, na picha zitumwe kabla ya Ijumaa kwisha. Ilikuwa Oktoba 2002. Watu waliokimbia vita vya Mambasa walikuwa wanaingia Beni kwa miguu, wamebeba magodoro na kuku, na ofisi ya mtaa wa Beu, mjini humo, iliyowekwa pale kwa ajili ya watu hao hao, ikaacha yote ikaanza kutafuta urithi.

Monsieur Malachie, msimamizi wa ofisi, alifurahi utadhani amezaliwa Hispania. Bwana huyo alikuwa bendera. Upepo wa makao makuu ukivuma, yeye hupepea. Mtu wa lugha hiyo ofisini alikuwa mmoja tu, Consuelo, muuguzi kutoka milima ya Bolivia, na hakuna aliyemwuliza neno.

Rébecca, mpishi wao, alikuwa na lake. Mama yake, mzee Adèle, alikuwa peke yake Mangina, kwenye njia ya Mambasa, goti limevimba, na vita vinasogea; Rébecca alikuwa amemtumia neno amngojee, atamfuata kwa gari. Jumatano akaenda kusimama mlangoni kwa msimamizi.

« Chef, munisaidie gari. Nusu siku tu. Mama yangu iko Mangina, iko na goti ya mubaya, hawezi tembea. »

« Gari iko na mission, Mama Rébecca, » alisema Malachie bila kuinua macho. « Kesho inaenda Butembo. »

« Kutafuta dawa? »

« Kofia. Zile kubwa za majani. Siège kule Ulaya banangojea picha. »

Rébecca alidhani anataniwa. Lakini Alhamisi asubuhi gari la pekee la ofisi lilishika njia ya Butembo, likarudi jioni na kofia kumi na moja na gunia la viazi mviringo kutoka mashamba ya Musienene. Kofia zilikuwa zimepangwa kitini, pale pale ambapo mama yake angekaa. Rébecca alizitazama kwa uchungu hata machozi yakakataa kutoka.

Ijumaa akamenya viazi vya karamu. Consuelo aliingia jikoni, akaokota kimoja, akakigeuzageuza.

« Hii ilitoka kwetu, » alisema. « Bibi yangu alilima za rangi kumi. »

Malachie, aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko. « Mais non, Mama Consuelo! Kiazi ni ya Musienene, kila mutu anajua. Wewe vaa kofia, utacheza kidogo. »

« Kwetu hatuvai hii. Na sikukuu yetu ni Agosti. »

« Août ilisha kupita, » akajibu Malachie, akamvika. Haya ndiyo mambo ya kumvika mtu kilemba cha ukoka mchana kweupe, na kumwambia ashukuru.

Wakapangwa uani kwa picha, madereva, walinzi, makarani, wote chini ya kofia, wameona haya. Hapo lango likafunguka. Mzee Adèle akaingia, matope hadi magotini, anaegemea fimbo, kikapu kinaning'inia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama wa milimani. Alikuwa ametembea siku mbili.

Rébecca akakimbia, lakini Malachie alimtangulia, uso unang'aa. Kwenye barua kulikuwa na picha ya bibi mwenye mzigo mgongoni.

« Karibu, mama! Hapana kuweka chini! Simama hapa katikati, na kikapo ivi ivi! » Akamvika kofia juu ya kamba. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwa Rébecca, na Mungu anajua alitaka kuufanyia nini.

Mzee hakumtazama Malachie. « Rébecca, mutoto yangu, nilikungojea mupaka nikachoka. Gari ilikuwa wapi? »

« Ilienda Butembo, mama. Kuleta hii kofia. »

Adèle akatua kikapu polepole. Akavua kofia, akachungulia ndani yake kama anayetafuta kitu. Ua lilikuwa limelowa mvua ya asubuhi. Akaiweka kofia kwenye matope, akaikalia, akanyoosha goti lake.

« Sasa imepata kazi, » akasema. « Lete maji. »

Consuelo akavua ya kwake, akaiweka kando ya ile, akakaa. Dereva naye akavua. Malachie alibaki na kamera mkononi. Ilikuwa saa tisa ya Ijumaa, na picha nyingine zaidi ya hii hakuwa nayo.